Jengo la nondo, njia ya bandarini Mtwara: chakula kizuri ila angalia unaenda mwezi gani

Huu mgahawa hauna kibao wala ukurasa wa insta. Ukiwa mjini mwambie bodaboda akupeleke jengo la nondo, njia ya kwenda bandarini, hatakuuliza mara mbili. Lilianza kujengwa enzi zile za gesi, 2012 hivi, kila mwenye kiwanja alikuwa anapandisha lodge akijua wazungu wa mafuta watalala humo miaka ishirini. Mafuta yakashuka bei 2014, wazungu wakafunga mabegi, jengo likaishia ghorofa ya tatu na juu zikabaki nguzo na nondo zimesimama kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Mwenyewe kaezeka makuti huko juu, kapanga meza kama kumi na mbili, jiko la mkaa pembeni, na zile nondo kazitundikia taa. Usiku ukiwa mbali unadhani kuna harusi.

Nimekula pale mara tatu na zote tatu nimekuta mgahawa tofauti kabisa, ndo maana naandika.

Ya kwanza ilikuwa Julai, nilimpeleka shemeji yangu aliyetoka Dar. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga haswa, vitambaa vya meza wamevibana kwa mawe, na chipsi zinapoa kabla hujafungua tomato. Tuliagiza changu wa kukaanga, elfu kumi na mbili na ugali, samaki mzuri tu ila tulisubiri dakika hamsini watu wenyewe mko meza tatu. Shemeji akawa anaangalia nje weee, mwisho akasema, "Sasa shem, mji wenu mbona hauna maghorofa?" Kazoea Posta ya Dar, kule jengo la bandari peke yake lina ghorofa zaidi ya thelathini. Nikamwambia geuza kiti. Maana ukikaa upande wa ngazi unaona mabati ya maghala tu, ila ukikaa upande wa maji unaona kreni, kontena zimepangwa, meli imekaa gatini, na ng'ambo kule Msangamkuu minazi. Hapa kwetu kirefu kuliko vyote ni meli ikija. Ikiondoka mji unakuwa mfupi tena.

Meza ya jirani alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za kupakia bandarini, akatudaka hapohapo. Anasema nyie wanangu mnashangaa jengo moja halijaisha, huu mji mzima ulianza hivyo. Na kweli, baada ya vita ya pili Waingereza walitaka mafuta ya karanga, wakaanza mashamba kule Nachingwea, wakaleta reli, wakachimba bandari ya maji marefu na kupima mji mpya hapa. Karanga zenyewe ziligoma, mpango ukafutwa 1951, bandari ikafunguliwa 1954 wakati mzigo iliyojengewa haupo! Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Ndo maana barabara za Shangani hapa mjini pana vile, zilipimwa kwa mji mkubwa ambao haukufika. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa na mwiba wa changu.

Mara ya pili Novemba, na hapa ndo ninapotaka msome vizuri. Minada ya korosho imeshika kasi, na tangu iliposemwa korosho za kusini zipitie bandari ya hapa badala ya kupandishwa malori mpaka Dar, njia yote ile ni foleni ya fuso na semi. Juu kule hakuna kiti. Madereva, makarani wa maghala, watu wa forodha, mawakala wa wanunuzi, wote wanakula palepale na hakuna mwenye muda wa kusubiri kwa hiyo jiko halizimi tangu saa tano. Niliagiza wali wa nazi na pweza, elfu kumi, ukaja baada ya dakika tisa nimehesabu mwenyewe, pweza laini kama maini, rojo zito, na kisahani cha ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, ambayo hata sikuagiza. Nikamuuliza dada anayehudumu imekuwaje leo, akanijibu, "Kaka, leo pweza katoka feri saa tatu, saa nane hayupo." Basi. Hakuna mpishi mpya wala nini, chakula hakilali.

Na usiku ule kuangalia chini ilikuwa raha peke yake. Ile gati mpya ya mita 300 taa zote zinawaka, meli mbili, kontena zinapanda kama matofali, kesho yake asubuhi ukipita ukuta wa kontena uliokuwepo jana haupo, umehamia Vietnam au India huko. Mi nimezaliwa hapa na ule ukingo wa bandari sijawahi kuuona ukifanana miezi miwili. Inaniuma kidogo lakini kwamba korosho nyingi zinaondoka na maganda yake, maana viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kusini kwa mikopo miaka ya 70 vingi viligeuka maghala, mashine zikakaa kimya ndani na magunia yakapangwa pembeni. Ukiwa unakula pale juu ukitazama yale mabati upande wa ngazi kumbuka hilo.

Mara ya tatu Machi. Nisiwafiche, ilikuwa mbaya. Mvua zinanyesha, makuti yanavuja pembe ya kulia, meza nne zimeinamishwa, bandarini kimya kasoro malori ya makaa ya mawe ya Ruvuma na simenti. Pweza niliyeletewa amepashwa moto zaidi ya mara moja na bei ileile elfu kumi. Nilipomwambia dada akaenda kumwita mwenyewe, mzee mstaarabu sana, akakata elfu tatu kwenye bili bila kelele na akakaa na mimi. Anasema Machi anaishi kwa chai na chapati za madereva, akipika sufuria nzima anapata hasara, akipika kidogo anaishiwa. Nikamshauri Machi afute pweza kwenye menyu aweke maharage na kibua, akasema atafikiria.

Kwa hiyo Oktoba mpaka Januari nampa nne na nusu kwa tano, nenda saa sita kabla hawajajaa, kaa upande wa maji. Julai tatu, vaa sweta. Machi, nyota mbili na moja kati ya hizo ni ya zile elfu tatu. Choo kipo ghorofa ya kwanza, kisafi, ila ngazi hazina taa washa tochi ya simu. Lipa namba ipo. Bia hakuna.

Wakati naaga nikamuuliza zile nondo atazikata lini. Akasema hakati, ule mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi ukianza anamwaga zege ghorofa ya nne. Nikamuuliza na mgahawa je? Akanyanyua macho kwenye makuti, akasema, "Utapanda nao juu." Yule dada akadakia kutoka jikoni, "Na ngazi zitakuwa na taa?"