Kampuni iliyotupeleka mikokoni: uwandani safi, makaratasi hovyo

Nimerudi juzi na wanafunzi 19 wa mwaka wa tatu, siku 11 nchi ya watu, mafunzo ya uwandani kwenye mikoko. Safari ilipangwa na kuendeshwa na kampuni inayohudumia vyuo tu, haina habari na watalii. Jina lao siliweki, maana bado tunafuatana kuhusu kibali kimoja nitakachokieleza. Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano.

Nianze na makaratasi. Mwezi mmoja na nusu kabla ya safari waliniletea tathmini ya hatari, kurasa 34, imepigwa na muhuri. Ukurasa wa 7 unatutahadharisha na maporomoko ya theluji. Theluji, jamani, na sisi tunakwenda kukanyaga tope usawa wa bahari! Ni wazi waliichukua ya kundi la mlimani wakabadilisha jina la chuo. Nilichokitafuta hakikuwemo: hospitali yenye chumba cha upasuaji iko umbali gani, nani anampeleka mgonjwa, nani anabaki na wenzake. Kwenye tangazo lao wanajinadi kwa BS 8848, kiwango cha Uingereza cha safari za mafunzo na utafiti nje ya nchi, kilichotoka mwaka 2007 (namba hiyo ni urefu wa mlima Everest kwa mita). Kiini cha kiwango hicho ni kwamba awepo mmoja anayebeba dhamana ya safari nzima. Nilipouliza kwao ni nani, nilipata barua pepe tatu kutoka kwa watu watatu.

Ratiba nayo. Waliandika "saa tatu asubuhi, mikokoni" siku nane mfululizo. Anayeijua bahari atacheka. Saa ya maji kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukianza saa tatu asubuhi siku ya kwanza, siku ya nane unatakiwa uwe huko karibu saa tisa alasiri. Isitoshe, tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) limekolea, na siku za mwisho zingetukuta kwenye maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), ambapo ukingo wa upande wa bahari haukauki vizuri. Aliyetuokoa ni nahodha wa boti waliyotukodia. Usiku wa kwanza aliigeuza ratiba, akaandika nyuma yake saa mpya kwa penseli, na vituo vya mbali akavisogeza siku za mwanzo. Karatasi ile ninayo bado, ina alama ya kikombe cha chai. Nyota hiyo ni ya nahodha, si ya ofisi.

Malazi na chakula sina la kusema, vilikuwa vizuri.

Mratibu wao wa uwandani ndiye aliyenizuia kushuka chini ya nyota tatu. Binti wa miaka ishirini na kitu, haongei sana. Fomu za afya tunajaza kila safari na hakuna anayezisoma; yeye alizisoma. Asubuhi ya pili, mabegi yameshafungwa juu ya basi, injini inanguruma, akasimama mlangoni akamuuliza mwanafunzi mmoja kwa sauti ya chini, "Kaka, pampu yako ya pumu iko wapi?" Iko begini. Begi liko juu, chini ya mengine. Dereva akasonya. Binti hakuondoka mlangoni. Tukashusha yote, dakika 20 zikaenda. Alasiri ile ile kijana alibanwa kifua katikati ya mikoko, tope magotini, na pampu ilikuwa mfukoni mwake. Alivuta, akakaa juu ya mzizi, baada ya muda akaomba maji.

Pia kila mtu alipewa namba, 1 hadi 19, na boti haikung'oa nanga mpaka zote zimeitikiwa. Siku moja 14 haikuitika. Tulimkuta nyuma kidogo, anavutana na tope kuhusu buti lake.

Sasa kibali. Tulikusanya majani, sampuli 63, kwa uchunguzi wa vinasaba. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya vinasaba vya mimea na viumbe wengine, ianze kutumika mwaka 2014, kwenye nchi nyingi majani kama hayo huwezi kuondoka nayo kienyeji. Lazima nchi mwenyeji iridhie kwa maandishi. Mkataba wetu unasema kibali ni kazi ya kampuni. "Kitatukuta uwanja wa ndege, Mwalimu," ofisi ikaniambia. Hakikutukuta. Sampuli nimeziacha kwenye maabara ya chuo wenyeji, zimekaushwa kwenye jeli ya silika (chembe zinazonyonya unyevu), na wanafunzi sita waliotegemea majani hayo kwa miradi yao wanatafuta mada nyingine. Awamu ya mwisho ya malipo tulishatoa siku 60 kabla ya safari, na hilo kosa ni langu.

Nitawatumia tena? Wakinihakikishia mratibu yule yule na nahodha yule yule, majina yao yakiwa ndani ya mkataba, ndiyo. Ila awamu ya mwisho wataipata siku nitakayokishika kibali mkononi.