Unga wa mitishamba kwa broila: dawa nilikuwa nimeipenda, muuzaji akanitibua

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Huu ni unga wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku wa nyama: kitunguu saumu, oregano, tangawizi, manjano. Mengine someni kwenye pakiti. Mwanzoni niliusifia kwa kila mfugaji ninayemjua. Vifaranga walichangamkia chakula, maranda yakakaa makavu, na ile amonia inayochoma macho ukifungua banda alfajiri ikapungua mno. Wala sikushangaa. Oregano ina thimoli na kavakroli, na hizo zinaua bakteria kweli. Tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, wafugaji wengi wamegeukia mimea.

Kisha nikanunua pakiti nyingine. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ulikuwa umepangwa pale dirishani, jua linaupiga. Nikachota kidogo kiganjani, nikanusa: vumbi tupu. Jamani, harufu ndiyo dawa yenyewe! Mafuta ya mimea hii yanaruka kwa joto na yanaharibika kwa mwanga. Anayetengeneza bidhaa ya namna hii halafu akaiweka kwenye plastiki angavu anatuuzia majani makavu.

Haukupita muda, kuku wakiwa wiki ya nne, nikakuta baadhi wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Mfugaji yeyote hapo anajua anaangalia koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na kijidudu cha utumboni. Nikampigia muuzaji, kwa adabu kabisa, kumuuliza kama unga huu unaweza kwenda pamoja na dawa ya kuhara damu. Akanijibu: "Dada, ongeza kipimo, acha uoga. Ukiweka kemikali usinipigie tena." Nikamwambia kuku wanakufa. Akasema wanawake tunafuga kwa kusoma kwenye simu, akakata.

Kuku wanakufa, mtu anakukatia simu!

Daktari wa mifugo alipasua mzoga mmoja mbele yangu. Vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vilikuwa vimevimba, vimejaa damu iliyoganda. Akaweka amprolium, dawa ya koksidia, kwenye maji, akaniambia nisitishe kwanza vitamini, kwa sababu dawa hiyo inamnyima kijidudu vitamini B1, na ukimwaga B1 humo humo unaidhoofisha. Maelezo mafupi, yenye heshima. Wengi walipona. Ningemsikiliza yule bwana ningezika banda zima.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msinunue kabisa. Lakini haki itendeke: pakiti ile ya kwanza ilifanya kazi, na bado naamini mitishamba ina nafasi yake bandani, mradi ibaki kusaidia utumbo, isipewe kazi ya chanjo ya Gumboro (ugonjwa wa virusi wa kuku) wala ya kutibu kuku anayehara damu. Siku hizi natwanga kitunguu saumu kibichi na kukichanganya palepale, maana nguvu yake inaanza kupotea mara kikishapondwa.

Nyota tatu, basi. Hapana, mbili, nikikumbuka ile simu hata mbili ni nyingi. Wakibadilisha mfuko ukawa wa kuzuia mwanga, nitanunua tena. La, mfuko peke yake hautoshi. Yule bwana aniombe radhi kwanza.