Spreyi ya "kioo kinachojisafisha": dirishani imenifaa, bafuni hamna kitu

Nina miezi minane sasa na hii spreyi ya titani dioksaidi, madini meupe ambayo hupulizwa kwenye kioo yakabaki kama utando mwembamba. Naandika kwa sababu wakati nanunua sikupata mtu wa kunieleza vizuri, chupa imeandikwa inajisafisha yenyewe na inaua bakteria popote, basi mi nikapuliza dirisha la sebuleni kwa nje na vigae vya bafuni siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Halafu mvua ikanyesha, yani maji hayakusimama matone matone kama kawaida, yalitandaa kioo kizima kama shuka jembamba yakateremka na vumbi lake, kilipokauka hamna hata michirizi. Nilisimama pale nakiangalia mpaka mvua ikakata, nilifurahi sana.

Ila bafuni ukungu ulirudi kwenye maungio ya vigae vilevile, na hapo ndo nikaanza kusoma. Kumbe titani hii inataka mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa mawimbi chini ya nanomita 390 hivi, ikiipata inachochea oksijeni na unyevu wa hewani vitengeneze chembe kali zinazokula uchafu wa mafuta na kuua vijidudu, pia ndo inafanya kioo kipende maji. Fujishima na Honda wa Japani walionyesha tangu 1972 kwamba titani dioksaidi ikipigwa na mwanga inaweza kupasua maji yakawa hidrojeni na oksijeni. Sasa bafu langu halina dirisha, kuna taa ya LED tu, na hizi taa za kawaida za nyumbani hazitoi UV ya maana. Kuandika "popote" kwenye chupa sio haki kabisa, mtu mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kuamini vigae au meza aliyopuliza imeshakuwa salama akaacha kusafisha.

Na hata dirishani ina mipaka yake. Kinyesi cha ndege kilikaa wiki mbili, kwa sababu kikiwa kizito mwanga haupenyi kufika chini, ikabidi nifute kwa kitambaa na maji. Madoa ya chokaa ya maji magumu nayo haiyagusi, inameng'enya vitu vya asili ya mimea, wanyama na mafuta, sio madini. Msichanganye pia na zile spreyi za kufukuza maji, zile zinazoiga jani la yungiyungi, tone linakaa mviringo na kubingirika, hizo hazihitaji jua lakini ukisugua kwa brashi ngumu zinakwisha.

Kwa vitasa vya ndani nimeweka vya shaba nyekundu bila vanishi. Marekani shirika lao la mazingira EPA liliisajili shaba mwaka 2008 kwamba inaua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria ndani ya saa 2, na inafanya kazi gizani pia. Imeshapoteza mng'ao, sijali, nafuta kila siku maana jasho na mafuta ya mikono yakiganda bakteria hawaigusi shaba yenyewe.

Kitu kimoja cha mwisho sijakiona kimeandikwa kwenye chupa: pembeni mwa kioo kuna ukanda kama upana wa kidole ambao maji bado yanasimama matone, na ni palepale kwenye silikoni, ile gundi ya kuzibia fremu, mafuta yake yanatambaa juu ya titani na kuiziba. Nimeanza kuikwangua hiyo silikoni, nitaweka mpira mkavu badala yake halafu nipulize upya ule ukingo.