TAHADHARI mafundi Arusha na Moshi: kapasita feki za 450V zinauzwa kwenye magrupu, zinapasukia ndani ya chaja za magari ya umeme

Wakuu habari za saa hizi. Hii ni kwa mafundi wote wa Arusha na Moshi hasa mnaogusa chaja za magari ya umeme, bajaji na pikipiki za umeme, invata za sola mpaka mashine za kuchomelea. Kuna mtu anauza kapasita (kile kifaa cha kwenye bodi kinachohifadhi umeme) za volti kubwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi, anatangaza "original Japan", 470uf (maikrofaradi, yaani kiasi cha umeme inachobeba) 450V nyuzi 105 za joto, na nyingine za filamu (ndani ni plastiki nyembamba) za 1100V, bei karibu robo ya bei ya kawaida. Ni feki. Na sio feki ile ya kusema haitadumu, hii inakupasukia usoni. Jina na namba sitaji kwa sababu laini anabadilisha kila mara, ukimblock leo kesho yuko grupu lingine na picha nyingine ya profile, kwa hiyo bora muujue mzigo wenyewe.

Jinsi nilivyoukuta huo mzigo: chalii mmoja fundi wa Majengo kule Moshi aliniletea chaja ya gari la utalii, mnayajua haya magari ya safari yaliyotolewa injini ya dizeli yakawekwa mota na betri, chaja yenyewe inakaa ndani ya gari inapokea umeme wa kawaida wa 230. Alibadilisha kapasita kubwa zote kwenye bodi, akawasha, dakika hazikufika nyingi zikapasuka mbili kwa mpigo, zikamwaga ule utomvu wake kwenye bodi yote na mosfeti (swichi za umeme za kwenye bodi) zikaondoka nazo. Bahati alikuwa amesimama pembeni. Na huyu kijana ni makini, kapasita zote alizipima kwa multimita kabla ya kufunga, zikasoma 440, 450, yaani ziko ndani kabisa ya ile asilimia 20 ya juu na chini ambayo elektrolitiki (hizi zenye utomvu ndani) inaruhusiwa. Mtu yeyote angezifunga.

Zilikuwa zimebaki mbili hakuzitumia, nikazikata kwa msumeno. Ndani ya kopo kubwa kuna kopo dogo! Limezungushiwa gundi na kitu kama unga wa plastiki ili uzito uwepo, na hilo kopo dogo bado lina lebo yake ya zamani, 470uf 200V. Waliowahi kufungua pawasaplai za kompyuta za zamani mnazijua hizo, zinakaa mbili mbili kwenye upande wa umeme mkubwa. Mtu amezikusanya kwenye taka za kompyuta, akaunganisha miguu mipya kwa solda, akazivika kopo la 450V na nailoni mpya iliyochapwa vizuri.

Sasa muone alivyotupiga. Multimita inapima uf kwa volti chache tu, haina habari kabisa na kwamba hiyo kapasita inahimili volti ngapi. 470 ya 200V na 470 ya 450V kwenye mita ni kitu kimoja. Kinachotofautiana ni ngozi nyembamba ya oksaidi juu ya karatasi ya aluminiamu huko ndani, ya 450V ni nene zaidi na ndio maana kapasita yenyewe inakuwa kubwa na ghali. Umeme wa 230 ukiurektifai (kuugeuza DC) kilele chake ni 325V, na chaja hizi zina hatua ya PFC (saketi ya kurekebisha mkondo unaovutwa) inayopandisha volti mpaka 390 au 400V hivi. Ukiweka ngozi ya 200V hapo umeme unaanza kuvuja kupita ndani, kunapata joto, gesi inazaliwa, kopo linafumuka. Kwa hiyo tafadhali sana, mtu asije kukwambia "pima mwenyewe mbele yangu" ukaona ndio ushahidi. Huyu muuzaji anatoa kabisa hiyo ofa, anakuja na mita yake mpaka stendi ya Kilombero, na inasoma vizuri.

Njia ya kumuumbua ni kuipa volti. Weka resista ya kilo-ohm 47 ya wati 10 kwa mfululizo na kapasita, ulishe DC polepole kutoka kwenye sapulai inayopandishwa, kapasita ifunikwe na kitu kigumu na wewe vaa miwani, halafu angalia volti kwenye miguu ya kapasita. Nzima ya 450V itapanda mpaka karibu na volti ya sapulai na kutulia. Za huyu bwana zilipanda mpaka 250 na kitu zikagoma, ukiongeza sapulai haziendi, zinavuja tu na kupata moto, ukifika hapo zima haraka. Datashiti nyingi za kapasita kubwa zinakupa kanuni ya uvujaji, zidisha uf kwa volti, tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha zidisha kwa 3, jibu linakuja kwa maikroampea baada ya dakika 5. Kwa 470uf 450V ni kama miliampea 1.4 na hicho ni kiwango cha juu, nzima nyingi zinavuja chini ya hapo sana. Usiye na sapulai ya volti kubwa, hata ile 325 ya kurektifai umeme wa TANESCO kupitia transfoma ya kutenga inatosha kumtoa nje wa 200V. Haitamtoa wa 400V aliyevishwa 450 lakini ni afadhali kuliko kufunga kwa imani. Kapasita mpya iliyokaa stoo miaka mingi nayo inaweza kuvuja sana mwanzoni maana ile ngozi inalegea, ila hiyo ukiiacha kwenye resista uvujaji unashuka taratibu na volti inapanda, feki inabaki palepale.

Na ukimaliza itoe umeme uliobaki ndani kwa resista ya kilo-ohm chache ya wati kubwa, sio bisibisi. Kapasita moja ya hizi kwenye 450V ina jouli 47 na zaidi, chaja yenye sita unakaribia jouli 300, hiyo ni nguvu ya mashine ya hospitali ya kushtua moyo. Ndugu zangu sio mchezo kabisa.

Kwa macho pia kuna dalili. 470uf 450V ya kweli ya kuchomeka kwenye bodi ina kipenyo cha milimita 30 au 35 na urefu wa 45 mpaka 50 hivi, ukiambiwa ya 450V na ni nyembamba kama ya kompyuta kataa hapohapo. Hizi alizovika makopo ukubwa uko sawa, ila ukiitikisa karibu na sikio nyingine zinacheza ndani, na mpira wa chini umebandikwa gundi. Tazama miguu, yenye solda ya zamani imetoka kwenye mashine nyingine, nimeona nyingine kwenye mzigo huohuo zimetolewa kwenye mashine za kuchomelea zikasafishwa tu. Soma pia namba ya tarehe, mara nyingi ni tarakimu nne za mwaka na wiki. Kwenye hizi kila kapasita ina namba ileile hata zile zenye rangi tofauti ya nailoni.

Za filamu ndio zimeniuma zaidi maana watu wanazinunua wakiamini wameboresha. Kwenye chaja kubwa za DC zenye basi (laini kuu ya DC ndani ya chaja) ya 800V una njia mbili, ama elektrolitiki mbili za 450 au 500V kwa mfululizo na resista za kusawazisha volti, ama filamu ya polipropilini ya 1000 au 1100V moja kwa moja, ambayo ikitoboka kidogo inajiponya yenyewe na ESR yake (ukinzani wa ndani) ni ndogo sana. Jamaa kwenye hizo anauza kapasita za mota za pampu, zile za AC 450V, amefuta maandishi akachapa 1100V DC. Kwenye pampu ya maji zingefanya kazi vizuri tu kwa hertz 50. Ndani ya chaja swichi zinafungua na kufunga makumi elfu ya mara kwa sekunde, ampea zinazoingia na kutoka ni nyingi, waya zake nyembamba na viungio vya ndani vinachemka. Mteja mmoja akamrudishia, akajibiwa fundi wako amegeuza chanya na hasi. Filamu haina chanya na hasi!! Mwenye kuuza kapasita hawezi kukosa kujua hilo. Na zile ndogo, angalieni maandishi, CBB au MKP ni polipropilini, CL au MKT ni poliesta, poliesta kwenye masafa ya juu inapata moto haraka, ukikuta maandishi ya CBB yanafutika kwa spiriti na chini yake kuna CL ujue umepata ya huyuhuyu.

Kuna moja naomba msinisome juujuu. Kapasita za Y, zile ndogo za bluu mara nyingi, zinazokaa kati ya laini na boksi la chuma la chaja. Y2 ya kweli inajaribiwa kwa pigo la kilovolti 5 na imetengenezwa ili ikifa isipige shoti, maana ikipiga shoti na waya wa ardhi haupo, na nyumba ngapi huku kwetu waya wa ardhi ni pambo tu, basi bodi nzima ya gari ina 230. Gari liko juu ya matairi ya mpira, halina pa kupeleka umeme, anakuja mtoto peku kwenye udongo wenye umande anashika mlango. Huyu mtu anauza seramiki za kawaida za 2kV akisema ni zaidi ya Y2. Sio zaidi. Hiyo 2kV haina hilo jaribio wala huo usalama, msifunge, hata mteja akikulilia gari liondoke leo.

Mzigo halisi ninakopata mimi ni kwa wasambazaji walioidhinishwa, Mouser, DigiKey, RS, wanatuma mpaka Arusha kwa DHL. Nauli inauma kwa mtu mmoja kwa hiyo tuungane watano sita oda moja. Chagua nyuzi 105 na sio 85, soma ampea za ripo (mkondo unaoingia na kutoka kwenye kapasita) kwenye datashiti sio volti peke yake, na masaa ya maisha yake, 2,000 na 5,000 sio kitu kimoja, kila nyuzi 10 unazopunguza ndani ya boksi maisha yake yanakaribia kuwa mara mbili. Tusijidanganye na ubaridi wa Chuga, ndani ya boksi lenye vumbi hakuna ubaridi, na huku juu mita 1,400 hewa ni nyepesi, feni inapoza kidogo kuliko pwani. Ukinunua dukani hapa mjini dai risiti ya EFD, anayekutumia kwa basi na kutaka hela yote kwanza kwa simu mwache. Bidhaa bandia zinaripotiwa FCC (Tume ya Ushindani), mimi nimeshaandaa picha na zile nilizokata, mwenye za kwake anitumie picha ya lebo na ya chini kwenye mpira, tupeleke pamoja, malalamiko ya mtu mmoja hayana uzito.

Mliokwisha kufunga msisubiri ipasuke. Chomoa gari kwenye umeme, achia muda, pima kwanza volti za basi kabla ya kugusa chochote, kisha toa moja tu uijaribu na resista kama nilivyosema. Ikigoma kwenye 250, toa zote.