Madarasa ya malezi kulingana na umri wa mtoto: uzoefu wangu hapa Kisumu

Wamama wengi wananiuliza kama haya madarasa ya wazazi yana maana ama ni pesa inaenda bure, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja. Mimi ni mama wa wawili, naishi upande wa Mamboleo, na tangu nikiwa na mimba ya huyu mdogo nimekuwa nikihudhuria kozi ya malezi Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa fulani hapa mjini. Jina lao sitaweka kwa sababu kuna mahali nitalalamika.

Kilichonivuta ni vile wameigawa kwa umri: kuna darasa la wajawazito, la kuzaliwa mpaka mwaka mmoja, la mwaka mmoja mpaka mitatu, halafu la mitatu mpaka mitano. Maana ushauri wa kulea uko kila mahali, kwa kanisa, kwa saluni, hata ndani ya matatu, na shida ni kwamba unakuja wote kwa pamoja. Umebeba mtoto wa miezi miwili mtu anakuuliza mbona hujamuanzishia uji, mwingine anakuuliza umeshatafuta shule. Hapa unaketi na watu ambao watoto wao wako rika moja na wako na mnaongea mambo ya wiki hii, si ya miaka mitatu ijayo, unarudi nyumbani unayafanya jioni hiyohiyo.

La wajawazito nitalipitia haraka. Ni zuri lakini mengi ni yale nesi anakwambia kliniki: mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, ukiona damu au kichwa kikiuma sana na macho yanafifia ukimbie hospitali. Kama kliniki yako inakupa muda wa kuuliza maswali unaweza kuliruka.

La mwaka wa kwanza ndilo lilinishika. Mwalimu ni nesi aliyestaafu, na huyo mama anafundisha kwa mikono. Siku ya lishe alikuja na sufuria mbili za uji, moja mwepesi na moja mzito, akachota kijiko cha kila mmoja akakiinamisha mbele yetu. Ule mwepesi ukamwagika wote, ule mzito ukabaki kwa kijiko. Akasema tumbo la mtoto wa miezi 6 ni dogo sana, ukilijaza maji halina nafasi ya chakula, atashiba na hatakua. Halafu akatoa unga wa omena, wale dagaa wadogo, alioutayarisha mwenyewe na akaeleza hatua zote, unachagua mchanga utoke, unaosha na maji moto, unaanika zikauke kabisa, unakaanga bila mafuta, unasaga, unachekecha ndiyo miiba isibaki, kisha unakoroga kijiko ndani ya uji au viazi vilivyopondwa. Omena tuko nayo hapa ziwani kila siku na bado unaona watoto wetu wanalishwa uji wa unga na sukari tu, hiyo iliniuma sana. Siku hizi nanunua gorogoro (lile kopo la kupimia) soko la Kibuye nasaga ya mwezi mzima.

Kitu kingine ni mtoto akikabwa na chakula. Kulikuwa na mwanasesere wa plastiki na kila mtu alifanya kwa zamu, hata wazee: aliye chini ya mwaka unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, unampiga mgongoni mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, ikikataa unamgeuza unabonyeza kifua kwa vidole viwili mara 5, unarudia huku mtu anatafuta gari. Na hakuna kuingiza kidole kooni kama kitu hukioni maana unaweza kukisukuma zaidi. Mimi naona hata kama kozi ingekuwa siku hiyo moja pekee ningelipa.

Pia wanakwambia uje na kile kijitabu cha kliniki, mnakifungua pamoja mnapitia kurasa ambazo wengi wetu hatusomi, wapi mtoto anafaa kuketi, kusimama, kutembea. Chanjo nazo mnaangalia moja moja. Surua ni miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili watu wengi hawaendi kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa na kliniki imesahaulika. Ya malaria pia, ambayo Kenya ilianzia huku kwetu upande wa ziwa Septemba 2019, dozi zake ni 4 na ile ya mwisho inakuja mbali sana na zingine. Darasani waliokuwa wameikosa walionekana hapohapo na wakaelekezwa.

Sasa, mama mkwe wangu. Yeye ndiye anakaa na mtoto nikiwa kazini kwa hivyo nilimuomba twende pamoja. Siku za kwanza alikuwa ananyamaza tu kwa sababu mafunzo yalikuwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na mtu wa umri wake akikaa hivyo anaona kama ameletwa kufundishwa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Nililalamika na wazazi wengine wakaniunga mkono, na wakamleta msaidizi wa kueleza kwa Dholuo. Halafu siku ya kufundisha kuongea na mtoto mchanga mwalimu akamgeukia kwa heshima akamuuliza, "Dani (yaani nyanya), wewe ulikuwa unawabembeleza vipi wako?" Mama mkwe akamchukua mtoto wangu akampakata uso kwa uso, akaanza kumwimbia polepole, na mtoto akitoa sauti anaacha kuimba, anamjibu, anangoja, mtoto anatoa sauti tena. Mwalimu akatuambia tuangalie hapo pa kungoja, kwamba mtoto akijibiwa kila anapotoa sauti ubongo unajengeka, na kwamba hiyo ndiyo mashirika ya afya na ya watoto ya Umoja wa Mataifa, WHO na UNICEF, yanahimiza duniani kote tangu 2018 pamoja na afya, lishe, usalama na kujifunza mapema. Tangu siku hiyo mama mkwe hakukosa tena, yeye ndiye alikuwa ananikumbusha Jumamosi asubuhi.

Darasa la mwaka mmoja mpaka mitatu ni zuri pia, na kwa mzazi ambaye atachagua moja pekee ningemwambia achague hili. Hapa ndipo nyumba huwa na kelele, mtoto anatupa vitu, anajigaragaza, anakataa chakula alichokuwa anapenda jana. Tulifundishwa kuchuchumaa tuwe urefu wake, kutaja kile anachohisi kwa maneno machache, "umekasirika kwa sababu tumeacha mpira", kumpa kuchagua kati ya vitu viwili, na kushikilia uamuzi bila kupiga kelele. Hiyo nilijaribu katikati ya Kibuye siku ya soko, watu wamejaa, mtoto amelala chini ya meza ya nyanya analia anataka miwa. Nikachuchumaa hapohapo kwa vumbi nikaongea naye. Alilia kwa muda, sitasema alinyamaza saa hiyohiyo, lakini alikuja mwenyewe akanishika sketi na tukaenda. Mama anayeuza nyanya akaniambia "pole nyar'wa", yaani binti yetu, akatuongezea moja.

Vitu vya kuchezea tulitengeneza wenyewe, vifuniko vya soda vimetobolewa na kutungwa kwa waya, chupa ya plastiki yenye mahindi ndani imefungwa kwa gundi mfuniko usitoke, makopo ya kupanga. Kwa simu wakasema wazi: chini ya miaka 2 hakuna kabisa, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ndivyo WHO walivyoelekeza 2019. Hapa wazazi walibishana sana maana simu ndiyo inatusaidia tukipika, na mwalimu hakumkemea mtu, alituonyesha vile mtoto anaweza kukaa jikoni na bakuli na kijiko anapiga kelele zake huku wewe unakata sukuma, mbali na jiko la moto.

Na kuna mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa anakaribia miaka miwili na nusu na hasemi neno hata moja. Nyumbani walikuwa wanamwambia wavulana huchelewa. Mwalimu alisimama nyuma ya mtoto akatikisa ile chupa ya mahindi, hakugeuka. Akamwambia mama taratibu, pembeni, ampeleke masikio yapimwe. Walikuta kuna shida ya masikio na sasa anatibiwa. Huyo mama angekuwa bado anangoja.

Darasa la miaka mitatu mpaka mitano ndipo nina malalamiko. Mwalimu ni mwingine na nahisi anafundisha kama mtu wa shule, Jumamosi nyingi ziliisha kwa vile mtoto ashike pensili na aandike a e i o u kabla hajaingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Watoto wanaingia PP1 wakiwa na miaka 4, bado wanajifunza kwa kucheza, mbona tuwakimbize? Mimi nilitaka kusaidiwa na yale ya nyumbani, huyu wangu mkubwa alikuwa ameanza kukojoa kitandani tena baada ya mdogo kuzaliwa na kumfinya akiwa amelala, na hilo swali nilipouliza lilijibiwa kwa dakika mbili tu. Jibu la maana nilipata kwa yule nesi wa darasa la chini, nimtengee mkubwa muda wake peke yake kila siku na nisimwaibishe kwa godoro. Ila somo moja hapo lilikuwa zuri sana, la usalama wa mwili: mtoto ajue sehemu zake kwa majina yake, ajue hakuna siri ya kuguswa hata na mtu wa familia, na Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 wakaisoma, kwamba mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila aina. Wababa waliokuja siku hiyo waliuliza maswali mengi kuliko sisi.

Wababa wenyewe bado ni wachache kwa sababu masaa ni ya asubuhi na wengi Jumamosi wako kazini au kwa boda. Nimewaambia waandalizi waweke kipindi kimoja Jumapili mchana, wamesema watafikiria.

Bei ni shilingi mia tano kwa kipindi, chai iko, na mtu wa pili wa familia haongezi chochote, hiyo wamefanya vizuri. Darasa la juu kabla ya kulipia uliza ni nani anafundisha na mtaongea kuhusu nini. Dada ya mume wangu atajifungua mwezi ujao kule Ahero na nimeshamlipia lile la mwaka wa kwanza, atakuja na mama yake.