Chupa ya plastiki ya kujifunzia flairi: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Wale mnaouliza kama hii chupa ya mazoezi inafaa, mi nasema inafaa, ila kuna vitu hawakwambii dukani. Niko kaunta hapa Dar, kumimina nilikuwa najua kitambo, nilichokosa ni flairi, yaani zile mbwembwe za kurusha na kudaka chupa ukitengeneza vinywaji, ambazo ukienda intavyu hoteli za Zanzibar unaulizwa.

Umbo ni la chupa ya kawaida ya ml 750, shingo ndefu, plastiki ngumu. Bei imechangamka jamani, unapata Konyagi kubwa na chenji inabaki, lakini piga hesabu ya chupa za kioo utakazopasua sebuleni, na vigae vya mwenye nyumba.

Inakuja tupu na hapo ndo wengi wanaiponda eti nyepesi inapepea. Weka maji kidogo, kama toti mbili hivi, halafu rusha. Maji yakiwa machache yanabanwa kule kitakoni chupa ikizunguka, uzito unabaki upande mmoja na unajua kabisa shingo itarudi mkononi saa ngapi, ila ukijaza nusu yanahamahama humo ndani na chupa inaenda inakotaka yenyewe. Ndo maana wale wa mashindano wanarusha chupa zenye kinywaji kidogo tu. Flairi ya kazini ni habari nyingine, mteja anasubiri mojito yake, chupa ni hiyo hiyo iliyopo rafuni ijae isijae, kwa hiyo mrusho mfupi, mzunguko mmoja, mimina, basi.

Mi nilianza na mzunguko mmoja wa kudaka shingo, nikaja kupitisha mgongoni, halafu ile stoli, yaani chupa inatua imesimama juu ya mgongo wa kiganja. Stoli itakutesa. Mkono ushuke pamoja na chupa, ukiingoja na mkono mgumu inadunda inaanguka, na macho yawe kwenye kitako sio kwenye shingo. Kwa hilo zoezi hii chupa naipa tano kwa tano, ikikuangukia mguuni unasema aah unaendelea.

Usisahau kopo. Lile kubwa la sheka ya Boston, ya kuchanganyia vinywaji, unalipata mjini bila shida, na mirusho mingi utakayofanya kazini kweli ni ya kopo, chupa mara moja moja. Na kama kumimina kwa kuhesabu bado hujakaa sawa acha kwanza kurusha, kwa mdomo wa kumiminia wa kawaida, ule unaochomekwa shingoni mwa chupa, ukihesabu nne unapata kama ml 60, mbili ni 30, ila kila mtu ana mwendo wake wa kuhesabu so pima na jiga, kile kikombe kidogo cha kupimia, mpaka uzoee. Kurusha vizuri halafu toti pungufu, bosi hatakuelewa na mteja ndo kabisaaa.

Kuhamia kioo nako kuna shughuli, chupa tupu tu inakaribia nusu kilo, kifundo cha mkono kinalalamika. Fanyia juu ya godoro kwanza.

Kasoro niliyoona ni shingo, mdomo wa kumiminia unacheza na ukizungusha kwa nguvu unachomoka, nimeuzungushia selotepu na sasa umetulia. Muuzaji anazo nyeusi tu, usiku kwenye taa hafifu huzioni vizuri hewani, mwenye kujua anayeuza nyeupe anistue.