Njia ya Mto Thames kwa miguu: nzuri, tambarare, na haifiki baharini

Anayekwenda Trewsbury Mead, Mto Thames wa Uingereza unapoanzia, kwa hamu ya kuona maji yakibubujika atavunjika moyo mapema. Chemchemi ya Thames, mwendo usiofika saa moja kutoka stesheni ya Kemble, ni jiwe lenye maandishi chini ya mti, pembeni mwa malisho. Maji huonekana hapo baada ya mvua kubwa za majira ya baridi. Kiangazi utatembea kando ya mfereji mkavu kabla mto haujaanza kuonekana ni mto.

Njia rasmi ilizinduliwa mwaka 1996, ina kilomita 298, na alama yake ni tunda la mwaloni lililochorwa kwenye nguzo na mageti. Kwa kilomita 20 kwa siku ni siku 15. Ongeza mbili za kupumzisha miguu. Jiwe la chemchemi liko kama mita 110 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mteremko wote hauhisiki. Wageni wa njia hii hudhani hiyo ndiyo raha yake, kumbe ndiyo inayowaumiza. Mlimani mguu hubadilisha namna ya kukanyaga kila hatua. Hapa unakanyaga vilevile kutwa nzima, na kuanzia Oxford kwenda chini sehemu kubwa ni changarawe, lami na saruji. Malengelenge hutokea chini ya wayo badala ya kisiginoni, kisha muundi huanza kuuma kufikia siku ya nne au ya tano. Buti gumu la mlimani huzidisha tatizo. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene, vikubwa kwa nusu saizi, vinafaa zaidi, na soksi zibadilishwe mchana kabla hazijalowa jasho. Mahali pazuri pa kufanya hivyo ni kwenye loki, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti. Ziko 44 kutoka mji wa Lechlade hadi Teddington, pembeni mwa London. Nyingi zina nyasi na mahali pa kukaa, na baadhi zina bomba la maji.

Kabla ya kufika Oxford mambo ni tofauti: ni udongo wa mfinyanzi. Ukilowa, hunata kwenye soli mpaka kiatu kiwe na uzito wa tofali, na hapo buti lisilopitisha maji lina kazi. Kuanzia Novemba hadi Machi malisho ya kingoni hufurika mara kwa mara, na njia hupotea chini ya maji. Kabla ya kuondoka, angalia mbao za tahadhari kwenye loki. Ya njano yenye maelezo kwamba mkondo unaongezeka, au nyekundu ya mkondo mkali, imewekwa kwa ajili ya wenye boti, lakini mtembezi naye aisome: mto ukifika hapo, malisho ya chini yanaweza kuwa dimbwi. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni ndio wakati tunaoupendekeza. Baada ya hapo mimea inayowasha hufunga njia kati ya Cricklade na Lechlade, na kaptula inakuwa majuto.

Kati ya Lechlade na Oxford, karibu kilomita 50, ndipo njia inapostahili sifa zote ilizopewa. Mto unajipinda kama nyoka, ng'ombe wamesimama majini, na unaweza kutembea saa nzima bila kukutana na mtu. Hapohapo ndipo mipango huharibika. Hakuna treni jirani na mto, na malazi yako kwenye nyumba za wageni chache karibu na madaraja kama Radcot na Newbridge. Zikijaa, hakuna pa kukimbilia, na kupiga hema bila ruhusa ya mwenye ardhi si halali Uingereza. Baadhi ya loki zina viwanja vya hema, ila weka nafasi mapema. Panga usiku wa sehemu hii kwanza, kisha zilizobaki zifuate. Kuanzia Oxford stesheni ni nyingi, unaweza hata kulala mji mmoja na kurudi njiani kwa treni.

Mara kwa mara njia huuacha mto ghafla, ikakupeleka barabarani au juu ya kilima, kama pale Moulsford au kabla ya Whitchurch. Alama hazijakosewa. Njia hii ilikuwa ya farasi waliovuta mashua za mizigo, na kila palipokosekana ruhusa upande mmoja, farasi walivushwa kwa pantoni kwenda wa pili. Pantoni zikafa, mapengo yakabaki. Moja bado lina kivuko, Shepperton, ambako unapiga kengele na boti ndogo inakuja kukuvusha. Kisipofanya kazi, zunguka kupitia Daraja la Walton. Kwa kweli, kukosa boti hiyo ni hasara.

Teddington ndipo maji ya bahari yanapoishia, na watu wa pwani watajisikia nyumbani: maji yanajaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mpevu, maji hupanda juu ya njia pale Richmond, Chiswick na Putney. Bamvua la London hujaa alasiri na tena usiku wa manane, kwa hiyo pita maeneo hayo asubuhi. Njia hapa iko kingo zote mbili. Chagua ya kusini hadi Putney, kwa kivuli cha miti ya Kew. Ukijikuta ya kaskazini baadaye, handaki la waenda kwa miguu la Greenwich, lililofunguliwa mwaka 1902, litakurudisha kusini.

Baada ya hapo njia rasmi inakuishia Woolwich, jijini London kabisa, bahari haionekani hata kwa darubini. Hili ndilo doa lake kubwa. Dawa ni kuendelea na njia ya pwani kutoka Woolwich hadi Grain, kijiji kilicho mdomoni mwa mto, karibu kilomita 75, iliyofunguliwa mwaka 2022. Si nzuri kwa macho: viwanda, matope ya mdomo wa mto, upepo usio na kizuizi. Baada ya Erith itabidi upande juu kando ya kijito cha Darent kutafuta pa kuvukia, hivyo usikadirie umbali kwa jicho kwenye ramani. Nunua chakula na maji Gravesend. Grain haina treni ya abiria, kwa hiyo basi la kurudia uwe umelijua saa yake kabla hujaanza siku ya mwisho.